Jina Lililokwenda Shule

Mwaka wa 1949, katika kijiji cha Ambanoro kisiwani Nosy Be, Msaidié alichukua cheti cha kuzaliwa cha Sittou, binti wa marehemu kaka yake, akampa binti yake wa kumzaa, Moinaecha, aingie nacho shule. Alisema ni kwa mwaka mmoja. Cheti hakikurudi. Hilo ndilo kosa, na lisemwe wazi kabla ya lolote, maana limefunikwa kwa adabu miaka mingi mpaka likaanza kufanana na hisani.

Wakati ule Sittou alikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, Maoulida, alikuwa mchochea moto kwenye mtambo wa kukeneka mafuta ya langilangi, na alikuwa mtu wa mambo yaliyonyooka. Binti alipozaliwa alikwenda kwa miguu hadi mji wa Hell-Ville, akasimama mbele ya karani, akamtaja mtoto, akamtaja mama yake mtoto, Echa, mzaliwa wa hapohapo Ambanoro, akarudi na karatasi akaitia ndani ya msahafu. Watoto wengi wa Wangazija wa zama zile hawakuandikwa popote. Sittou aliandikwa.

Homa ikamchukua Maoulida wiki chache kabla ya shule kufungua. Msaidié, nduguye mdogo, ndiyo kwanza alikuwa amefika kutoka Ngazija na binti wa miaka tisa asiye na karatasi yoyote, akawa ndiye mwanamume wa nyumba. Echa alikuwa ndani, akikaa eda. Mwanamke aliye katika eda hatoki kwenda kusimama mbele ya makarani, wala hasemi na wanaume ila kwa pazia, na miezi minne na siku kumi zake ziliangukia palepale shule ilipokuwa ikiandika watoto. Msaidié alilijua hilo. Alikaa upande wa pili wa pazia akasema kwamba Sittou amekwisha kuwa mkubwa, atamsaidia mama yake, na karatasi ikibaki msahafuni italiwa na mende tu. Jina, alisema, ni la ukoo. Kisha akanyoosha mkono.

Basi jina likaenda shule, na mwenye jina akaenda shambani. Moinaecha alifaulu darasa baada ya darasa, akavuka kwenda Mahajanga, akawa mwalimu, na kila mahali alipoandikwa aliandikwa Sittou Maoulida. Sittou mwenyewe alijifunza kuvuta matawi ya mlangilangi kwa kingoe na kuchuma maua jua likiwa bado halijapanda, maana yakipigwa na jua hunyauka na harufu yake hupotea. Habari zilipofika Ambanoro kwamba Sittou amepata shahada, wanawake wa kisimani walimpa yule mchuma maua hongera. Walicheka, naye akacheka. Kicheko kile hakijamtoka kooni hata leo.

Mwishoni mwa 1976, Wangazija waliposhambuliwa Mahajanga na walionusurika wakarudishwa makwao, mume wa Moinaecha, Ahamada, alikuwa miongoni mwa waliopandishwa melini. Moinaecha hakuguswa. Karatasi yake ilisema amezaliwa Nosy Be na mama wa Nosy Be. Sittou aliposikia alimshukuru Mungu kwa uhai wa ndugu yake, na shukrani ile ilikuwa ya kweli. Baadaye, akiwa na kingoe chake chini ya mlangilangi, likamjia wazo ambalo hakumwambia mtu: hata mauti yamelisoma jina langu yakalipita, na aliyesalimika ni mwingine.

Sittou alizaa mtoto mmoja aliyeishi, Fatoumia, mwaka wa 1961. Baba wa mtoto, Youssoufa, fundi mwashi kutoka Ngazija, alimwandikisha Hell-Ville, akataja jina la mama kama watu wote walivyolijua, kisha baada ya miaka mitatu akaenda kujenga nyumba Mayotte na hajamaliza kuijenga mpaka leo. Sittou akamsomesha Fatoumia kwa langilangi. Mtoto hakukosa siku hata moja darasani, na cheti chake kilikaa kifuani mwa mama yake, ndani ya vazi lake la saluva, mpaka karatasi ikaingia harufu ya maua. Mtu yeyote wa ukoo alipouliza habari za cheti kile, Sittou alijibu kwamba kimeliwa na mende.

Mwaka wa 1981 Fatoumia alikuwa katika chuo cha ualimu Mahajanga. Alirudi Ambanoro likizo ya kiangazi na barua mkononi. Oktoba angeanza mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi moja huko Mahajanga, kipindi kizima, akitazamwa na mwalimu mkuu. Kuanzia siku ile jina lake lingeingia katika orodha ya serikali. Ila faili lake lilikuwa na pengo. Kwa kuwa baba yake alizaliwa Ngazija, ilihitajika karatasi ya uraia ya mama, na bila hiyo asingeruhusiwa kushika chaki.

Walikwenda wote wawili Hell-Ville. Karani alikuwa kijana mpole. Alifungua daftari la vizazi la zamani, akateremsha kidole, akapata: Sittou Maoulida, Ambanoro. Pembeni palikuwa na maandishi madogo. Alisoma, akamtazama Sittou, akasoma tena. Akaeleza kwamba mwenye jina hili ni mwalimu, anaishi Mahajanga, na nakala zake zote alikwisha kuzichukua. Akaomba kitambulisho cha Sittou. Kiliandikwa kwa ushahidi wa wazee wawili: amezaliwa karibu na mwaka 1940, mahali hapajulikani.

"Mama," karani alisema, na hakusema kwa ubaya, "ikiwa yule ndiye Sittou, wewe ni nani?"

Sittou alikunja kitambulisho chake, akamshukuru, akatoka.

Fatoumia alijua habari ya cheti tangu utotoni. Alichokifanya sasa alikifanya bila kuuliza: alimwandikia Moinaecha. Jibu lilikuja baada ya siku tisa kwa mkono wa baharia. Fatoumia alimsomea mama yake mkekani, akitafsiri kwa maneno ya nyumbani, Kimalagasi cha kisiwani kilichochanganyika na Kingazija. Mama mdogo anawasalimu. Karatasi ya uraia anayo, atatoa nakala. Shule aliyopangiwa Fatoumia ndiyo anayofundisha yeye, ndiye aliyeomba iwe hivyo. Chumba kipo.

"Umeruka," Sittou alisema.

"Nimeruka nini, mama?"

"Macho yako yalishuka, mdomo wako haukushuka. Rudi juu."

Asiyejua kusoma huyatazama macho ya msomaji, na Sittou alikuwa na miaka thelathini na miwili ya kuyatazama. Fatoumia akarudi juu. Mama mdogo anasema kwamba shuleni, kwa ajili ya usalama wa wote, itabidi amwite mama. Cheti cha Fatoumia kinasema ni mtoto wa Sittou Maoulida, na Sittou Maoulida ni mmoja tu.

Sittou aliinuka akaenda kupepeta mchele. Alipepeta mchele uliokuwa safi tayari. Aliporudi aliuliza swali moja: bila karatasi hiyo kuna njia nyingine? Fatoumia alisema ipo, ya mahakama, na mashahidi, na Moinaecha aitwe akane jina mbele ya hakimu, na huenda mambo hayo yakachukua miaka miwili, na Oktoba ni baada ya wiki tatu.

"Basi tutakwenda kuichukua," Sittou alisema. "Wewe kaage watu."

Kuaga, kwa watu wa Ambanoro, ni kuomba radhi. Mtu hasafiri kwenda kwenye jambo kubwa akiwa ameacha nyuma yake moyo uliochubuka. Huenda nyumba kwa nyumba, hukaa chini kuliko anayemuaga, husema kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi. Fatoumia alianza na fundi aliyemsomesha Kurani, mzee ambaye sasa hakuona sawasawa, aliyemshika kichwa akataka kujua kama huko chuoni wanafundisha kupiga. Fatoumia alisema wanafundisha kutopiga. Mzee alisikitika, akasema basi amsamehe yeye kwanza, kisha ndipo amwombee. Akaenda kwa mkunga. Akaenda kwa jirani ambaye mbuzi wake yeye Fatoumia alimvunja mguu kwa jiwe alipokuwa na miaka saba. Jirani alikuwa amekwisha kusahau, alipokumbushwa akakasirika upya, ikabidi waanze mwanzo.

Asubuhi moja alikwenda shambani kuwaaga wachumaji. Walikuwa chini ya milangilangi, ile miti iliyokatwa vilele ili isizidi pale mkono wa mwanamke wenye kingoe unapofika, matawi yake yamepinda kama vidole vya bibi. Mama Hamidou, mnene wao na mcheshi wao, hakungoja aombwe radhi.

"Ukishakuwa mwalimu usije ukatusimamisha juani sisi tuliokuosha makamasi."

"Sitawasimamisha, nitawakalisha," Fatoumia alisema. "Kila mmoja na ubao wake."

"Mimi nifundishe barua tu. Baba Hamidou ananiandikia kutoka mji wa Diego, anayenisomea ni ndugu yake. Kila barua inasema mpe ndugu yangu samaki. Nataka kujua kama ni yeye anayesema samaki au ni msomaji."

Wakacheka wote, Sittou pia. Kisha mmoja akamuuliza Fatoumia, sasa kwa dhati, ni darasa gani analotaka. Akasema la kwanza. Wenzake chuoni walitaka madarasa makubwa, yeye alitaka wale wanaoingia wakiwa bado wanalia. Alitaka siku ya kwanza kumuuliza kila mtoto jina lake na jina la aliyemzaa, na kuliandika ubaoni mtoto akiona. Asiye na cheti atamwendea nyumbani kwao, atakaa mkekani na wazazi wake mpaka waende kwa karani. Alisema haya akiwa ameshika ua la langilangi, akilizungusha, na hakumtazama mama yake.

Alikwisha kujaribu kumfundisha mama yake. Mwaka uliopita alimletea ubao mdogo na chaki akamwandikia Sittou. Mama yake aliyatazama maandishi kwa muda, akasema yanapendeza, akayafuta kwa ncha ya saluva. Alisema jina hilo lina mtu anayeliandika vizuri sana, likirudi, atajifunza.

Siku ya mwisho Fatoumia alimaliza nyumba zote, akaja kwa mama yake, akakaa chini kwenye sakafu, akaanza maneno yale. Radhi ya mama ndiyo huwa ya mwisho, na ndiyo hufunga nyingine zote. Sittou alimnyamazisha.

"Yangu nitakupa mlangoni mwa shule. Ukiitaka, utaiomba huko."

Fatoumia aliinua uso. Alielewa vizuri sana. Mlangoni mwa shule wangekuwapo walimu, na mwalimu mkuu, na Moinaecha. Radhi ya mama huombwa kwa kusema mama. Na faili lingekuwa mezani kwa mwalimu mkuu, likisema lingine.

"Mama, unanipa mtihani kabla ya mtihani."

"Mimi nilipewa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Hata sikuambiwa ni mtihani."

Lilikuwa neno kali, na Sittou alilijua. Hakulirudisha.

Walivuka kwa pantoni hadi Antsahampano, wakapanda lori la mizigo, wakafika Mahajanga siku ya tatu, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Sittou alibeba kikapu kimoja. Ndani yake mlikuwa na kikaango cha mashimo cha kupikia vitumbua, na Fatoumia alipouliza cha nini, mama yake alisema mtu hasafiri bila chombo chake cha kazi.

Nyumba ya Moinaecha ilikuwa Mahabibo, ya saruji, na pazia la shanga mlangoni. Moinaecha mwenyewe alikuwa amepungua. Alivaa miwani. Sittou alikuwa hajamwona tangu mazishi ya Echa, miaka minane nyuma. Kwao mdogo humwamkia mkubwa: huinamisha kichwa, hukutanisha viganja, husema kwezi, na mkubwa hujibu mbona. Sittou alimzidi Moinaecha miaka miwili. Alisimama palepale mlangoni akangoja. Moinaecha alisema karibuni, poleni na safari, akaingia ndani kutafuta viti.

Bahasha ilikuwa tayari juu ya meza. Moinaecha aliisukuma kwa Fatoumia kwa vidole viwili, akaeleza kilichomo, akaeleza chumba, akaeleza saa ya kengele. Alisema amekwisha kumwambia mwalimu mkuu kwamba binti yake aliyelelewa kisiwani anakuja, naye amefurahi.

"Na mimi?" Sittou aliuliza. "Umemwambia mimi ni nani?"

Moinaecha alivua miwani akaifuta.

"Nimesema kuna mlezi. Aliyemlea huko Nosy Be."

Kisha Fatoumia akairudisha bahasha kwa vidole viwili, kama ilivyomjia. Alisema haitaki. Atarudi Ambanoro akachume langilangi, na mikono anayo.

Hapo Moinaecha alilia, na machozi yale Sittou hakuyadharau. Alisema alikuwa na miaka tisa. Hakuiba, alipewa, na baba yake alimwambia akisahau kuitikia jina lile siku moja tu wote watafungwa. Alisema kwa miaka thelathini na miwili mtu akimwita kwa ghafla moyo wake hushtuka kwanza, kisha ndipo huitika. Alisema akienda leo kwa hakimu atafukuzwa kazi, huenda akafungwa, na Fatoumia hatakuwa na karatasi ya mtu yeyote. Sasa wazame wote watatu ili iweje? Akistaafu, kwa miaka ya kwenye cheti, yaani 1998, atakwenda mwenyewe na kusema. Kisha aliteremka kitini, akakaa sakafuni mbele ya Sittou.

"Nipe radhi, dada. Tumalize."

Sittou alimtazama. Aliona mvi, akaona mtoto wa miaka tisa aliyeshuka chomboni na kanzu ya kuazima.

"Radhi huombwa na mtu mwenye jina," alisema. "Nimpe nani? Nikisema nimemsamehe Sittou, nimejisamehe mwenyewe, na mimi sikukosa."

Akachukua bahasha akamtia Fatoumia mkononi, akakifunga kiganja chake juu yake.

"Chukua. Usiione kama zawadi, hajakupa kitu. Hii ni safari ya baba yangu kwenda Hell-Ville kwa miguu. Utafundisha nayo. Lakini hutalala hapa."

Moinaecha aliwafuata hadi kwenye pazia la shanga. Alisema kwa sauti ya chini kwamba neno moja tu shuleni litawamaliza wote, na mtoto akiwa wa kwanza.

"Sitasema neno," Sittou alisema. "Mimi nitapika."

Walipokewa na dada yake Mama Hamidou, mjane mmoja aitwaye Faouzia, aliyekaa vichochoro viwili kutoka shuleni. Sittou aliloweka mchele, akautwanga, akachanganya na nazi, akauacha uumuke. Jumapili alasiri Fatoumia alikuwa amekaa mlangoni akiandika andalio la somo lake la kwanza kwa mara ya nne, akifuta, akiandika. Sittou alikaa karibu naye. Alikuwa na siku kadhaa za kulifikiria neno lake la Ambanoro, na lilikuwa limeanza kumchoma yeye mwenyewe.

"Ile radhi," alisema, "hata hapa naweza kukupa. Kama unaogopa."

"Naogopa," Fatoumia alisema. Hakuinua kalamu. "Lakini ulisema mlangoni."

Jumatatu asubuhi Sittou alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda chake kando ya mlango wa shule, moto unawaka, vitumbua vya kwanza vimegeuzwa. Watoto walimzunguka kama inzi. Mwalimu mkuu, mtu mrefu wa bara aliyevaa kofia ya ukindu, alisimama mlangoni akiwapokea walimu. Moinaecha alikuja, akamwona mpishi, akasita hatua moja, akaendelea. Alipita kati ya moto na ukuta bila kwezi, akasimama kando ya mwalimu mkuu akiwa ameukumbatia mkoba wake.

Kisha akaja Fatoumia. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, daftari kwapani. Mwalimu mkuu alitabasamu akanyoosha mkono. Fatoumia alimwinamia kidogo kwa heshima, akampita, akaja hadi kwenye moto. Akaweka daftari chini penye vumbi. Akapiga magoti, akakutanisha viganja.

"Kwezi, mama."

"Mbona, mwanangu."

"Kama nilikukosea kwa kujua au kwa kutojua, niwie radhi. Naingia darasani."

Watoto waliacha kusukumana, maana jambo hilo walilijua kutoka makwao na hawakuwahi kumwona mwalimu akilifanya. Sittou aliweka mkono wenye unga wa mchele juu ya kichwa cha bintiye. Alisema radhi, radhi, radhi, mara tatu kama inavyosemwa, na alama nyeupe ya kiganja ikabaki juu ya nywele.

Mwalimu mkuu aliwatazama, akamtazama Moinaecha. Alisema alidhani mama wa mwalimu mgeni ni Madamu Sittou. Hakusema kwa shari. Alikuwa mtu anayependa faili lake lieleweke.

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa mkononi mwa Moinaecha. Angeweza kusema huyu ni mlezi, mshamba, humwita kila mtu mwanangu. Badala yake alisema, akitazama moto na si mtu, kwamba kwao binti ana mama zaidi ya mmoja. Huyu ni dada yake, mkubwa wake. Mama mkubwa na mama mdogo, wote ni mama.

Mwalimu mkuu alicheka, akasema hata kwao bara ni hivyohivyo, heri mtoto mwenye mama wawili. Akamgeukia mpishi kwa adabu, akavua kofia.

"Na wewe mama, unaitwa nani?"

Fatoumia, aliyekuwa akiinuka, alibaki goti moja chini. Moinaecha aliukaza mkoba wake. Sittou alikigeuza kitumbua kimoja, kikageuka vizuri.

"Mama Fatoumia," alisema.

Jina hilo hakupewa na karani, halimo msahafuni wala daftarini, na mtu wa kuliazima hayupo. Mwalimu mkuu akanunua vitumbua vinne. Kengele ikalia. Fatoumia akaokota daftari akalikung'uta vumbi, akaingia na alama ya mkono wa mama yake kichwani, na hakuipangusa. Baada ya muda, kutoka dirisha la darasa la kwanza, Sittou akasikia sauti za watoto moja moja, kila mmoja akisema jina lake na jina la aliyemzaa.

Alipika mlangoni hapo kipindi chote, asubuhi zote ambazo shule ilifunguliwa. Moinaecha alipita kila asubuhi. Siku nyingine alinunua. Siku nyingine alisema habari za asubuhi, kama wanavyosema watu wa ofisini. Fatoumia alifaulu, akapewa darasa la kwanza Nosy Be, na ubao mdogo uko ukutani Ambanoro, mtupu, chaki yake imefungwa kitambaani.

Msaidié amekwisha kufa na hesabu yake iko kwa Mola. Anayedaiwa ni Moinaecha binti Msaidié. Anadaiwa kwezi ya mdogo kwa mkubwa, aliyoikalia tangu siku ile ya Mahabibo. Anadaiwa kwenda Hell-Ville kwa miguu yake, mbele ya karani na mashahidi wawili, na kusema, mimi siye. Na anadaiwa jina, Sittou binti Maoulida, mzaliwa wa Ambanoro, lirudi kwa mwenyewe likiwa zima, kabla mwenyewe hajazikwa kama mtu aliyezaliwa mahali pasipojulikana.